Kabla hujaiweka Holy Mountain ya Sleep, pitia kwanza kwa Black Sabbath

Mtu akiniuliza aanzie wapi kwenye stona roki, ile roki nzito ya taratibu inayohusishwa na bangi, namtajia albamu ya Holy Mountain ya bendi ya Sleep, ila namwambia asiiweke leo. Leo weka Master of Reality, albamu ya bendi ya Black Sabbath ya mwaka 1971, iache iende mpaka mwisho, kesho irudie, halafu ndo uende kwa Sleep. Mi nilipita njia hiyo na naitetea kabisa, maana ukishazizoea zile nyimbo za Sabbath, Holy Mountain inakufunguka yenyewe.

Kwanza ujue ule uzito ulitoka wapi. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Sabbath, alikuwa kijana wa miaka 17 anafanya kazi kwenye kiwanda cha bati huko Birmingham, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na jamaa anapiga kwa shoto kwa hiyo vidole hivyo ndo vile vya kubonyezea nyuzi. Wengi wangeishia hapo. Yeye akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi ili visiteleze, akahamia kwenye nyuzi nyembamba, na kufikia Master of Reality akawa anazilegeza kabisa ili zibonyezeke kirahisi. Waya ukilegea sauti inashuka, Geezer Butler naye akaishusha besi yake ikalingana na gitaa, ukatoka ule mngurumo wa chini ambao bendi chungu nzima zinauishi mpaka leo. Yaani yote hiyo chanzo chake ni mtu aliyegoma kuacha gitaa! Kila nikiliwaza hilo nazidi kuiheshimu hii miziki.

Sasa Sleep ni vijana wa San Jose, California. Al Cisneros besi na kuimba, Matt Pike gitaa, Chris Hakius drams. Zamani walikuwa wanne, ila Justin Marler akaondoka akaenda kuwa mtawa wa Kiorthodoksi. Walirekodi hii kazi wakaituma Uingereza kwa lebo ya muziki ya Earache kama demo, yaani rekodi ya majaribio, na lebo ikaitoa vilevile ilivyo mwaka 1992, lebo ambayo ilijulikana kwa bendi za kasi ya ajabu kama Napalm Death, halafu wanaletewa hawa wanaotembea taratibu hivi, na wakaelewa!

Deni lao kwa Sabbath hawalifichi hata kidogo. Kipindi hichohicho walirekodi wimbo wa Snowblind wa Sabbath kwa ajili ya albamu ya kuwaenzi Sabbath. Ukitaka uone kwa karibu, fanya hivi: weka Orchid ya kwenye Master of Reality, halafu Some Grass ya kwenye Holy Mountain. Orchid ni kipande kifupi cha gitaa kavu, hakina umeme wala drams, Iommi kakiweka katikati ya nyimbo nzito ili upumue kidogo kabla Lord of This World haijakuangukia. Some Grass inafanya kazi ileile, haifiki hata dakika moja, mara Aquarian inaingia na unaisikia nzito zaidi kwa sababu masikio yalishatulia. Halafu sikiliza Cisneros anavyoimba akiifuata gitaa noti kwa noti, kama Ozzy, mwimbaji wa Sabbath, kwenye wimbo wao wa Iron Man.

Wapo wanaosema basi hiyo ni kopi tu. Mi nakataa. Bill Ward kwenye drams ana jazi mwilini, Sabbath wanakimbia, wanasimama, wanageuza wimbo katikati, isikilize Into the Void utaona. Sleep wamechukua zile sehemu za polepole tu wakaamua kukaa humohumo, From Beyond inapita dakika kumi, na ukiwa mvumilivu unaanza kusikia vitu ambavyo Sabbath walivigusa wakapita.

Usiisikilize kwa spika ya simu, tafadhali. Besi yote inapotea na unabaki na makelele ya juu, halafu unasema muziki mbaya. Tafuta hedifoni za kufunika sikio au spika yenye besi ya maana, zima shafo inayochanganya mpangilio wa nyimbo, na raundi ya kwanza mfuate Cisneros peke yake, gitaa utarudi kulifuata baadaye. Na bangi sio lazima, najua Sweet Leaf, wimbo wa Sabbath wa kuisifu bangi, inaanza na kikohozi cha Iommi na majina ya nyimbo yanajieleza, ila mi naisikiliza na chai yangu na inanifika vizuri sana.

Ukishaipenda, rudi nyuma zaidi kwa bendi ya Blue Cheer wa San Francisco, albamu yao Vincebus Eruptum ya 1968, ni fujo tupu ila utaelewa kwamba Marekani nako uzito ulishaanza kabla ya Sabbath kutoa albamu. Dopesmoker ya haohao Sleep iache kwanza, ule ni wimbo mmoja unaozidi saa nzima, uweke siku ambayo hakuna mtu atakayekuita.