Saa ya mkononi inajuaje kwamba umelala?

Dada, umeuliza inakuwaje saa yako iseme ulilala masaa saba, na wewe ulikodoa macho mpaka majogoo ya Jinja yakawika. Haijui usingizi hiyo, inategemea hasa mtikisiko. Ndani mna kihisi kidogo kinachopima mabadiliko ya mwendo kwa pande tatu. Programu huukata usiku vipande vifupi, aghalabu vya sekunde 30 au dakika moja, ikihesabu mtikisiko wa kila kipande, kisha inakisia: mkono umetulia, basi mtu kalala. Sasa wewe ukilala chali unahesabu mabati ya paa, inakuandikia usingizi mnono!

Kwa hiyo kipimo cha kutegemewa zaidi bado ni kile cha maabara, nyaya kichwani zikisoma mawimbi ya ubongo. Lakini nani ataweza kulala na nyaya wiki mbili? Kihisi unakivaa kitandani kwako mwenyewe, na watafiti wanakipendea hapo.

Na yale mateke unayompiga shemeji usingizini, anayoyalalamikia, ni jambo jingine. Mkononi hayaonekani vizuri. Kihisi hufungwa kwenye kifundo cha mguu. Mateke ya ugonjwa hujirudia kwa mpangilio: moja huchukua kati ya nusu sekunde na sekunde 10, na jingine hufuata baada ya sekunde 5 hadi 90. Kama yako ni hivyo, mwone daktari, na umwombe apime akiba ya madini ya chuma mwilini, maana ikipungua miguu huweza kuchachamaa.