Nikinunua, Nanunua; Nikitoa, Natoa

Jumamosi moja, miaka kadhaa iliyopita, nilinunua kiondo cha mkonge katika Maasai Market, ile iliyokuwa ikitandazwa kwenye uwanja wa kuegesha magari karibu na Mahakama Kuu, katikati ya jiji la Nairobi. Mama aliyekuwa akiuza alitaja shilingi 1,800. Nikamwambia 600, akacheka, tukavutana karibu robo saa, na hatimaye nikaondoka na kiondo changu kwa shilingi 900 nikijiona mjanja wa mji. Jioni ya siku hiyo hiyo mchango ulipitishwa katika kikundi chetu cha WhatsApp kwa ajili ya akina mama wa Ukambani waliokumbwa na kiangazi, nami nikatuma shilingi 1,000 bila kufikiri mara mbili. Ilinichukua muda kuona nilichokuwa nimefanya: kwa mkono mmoja nimewapunja akina mama wale shilingi 900 za jasho, kwa mkono wa pili nimewapelekea 1,000 za huruma, kisha nikalala nikijihesabu kuwa mkarimu.

Aliyenifumbua macho ni mama yangu mdogo anayeishi Machakos, ambaye husuka viondo baada ya kazi za shamba. Nilikaa naye siku tatu nikimtazama. Majani ya mkonge hukwanguliwa mpaka zibaki nyuzi, nyuzi huoshwa na kuanikwa, nyingine hutiwa rangi, kisha husokotwa pajani, uzi mmoja baada ya mwingine. Kusuka kwenyewe huanzia kitako na kupanda kwa kuzunguka, na kiondo kimoja cha kubebea mboga humchukua zaidi ya wiki mbili za jioni. Baadaye dalali hupita kuvikusanya na kuvipeleka kwa mafundi wa ngozi vitiwe mikanda. Nilipomuuliza mama mdogo dalali humlipa kiasi gani, alinitajia kiasi kilichokuwa chini ya nusu ya ile bei yangu ya kijanja. Nilinyamaza. Ndipo nilipoelewa kwamba punguzo ninalolipigania sokoni haliishii kwa muuzaji aliye mbele yangu. Hushuka ngazi kwa ngazi mpaka limfikie yule asiye na mtu mwingine wa kumsukumia.

Tangu wakati huo nimejaribu kuyatenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya, tena kwa nia njema. Nikinunua, nanunua: nalipa bei inayolingana na kazi, na natarajia kupewa kitu kizuri kwa wakati tuliopatana. Nikitoa, natoa: sitarajii kitu, siombi picha, wala simwachii mtu deni la shukrani. Mara nyingi niliposhindwa kuwasaidia mafundi au wahitaji, nilikuwa nimeyakoroga mawili haya katika chungu kimoja.

Mfano ulionigharimu zaidi ni wa kabati la vitabu. Fundi mmoja wa mbao, mtu mpole na mwenye mkono mzuri, aliniambia wakati wa kupatana kwamba mtoto wake alikuwa amelazwa. Kwa huruma nikamlipa bei yote siku hiyo hiyo, badala ya arubuni, au dipositi kama tunavyoiita huku. Nilisubiri miezi minne. Kila nilipopiga simu alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli, kwa kuwa fedha zangu zilikwenda hospitalini na hapakubaki za kununulia mbao. Alianza kunikwepa, nami nikaanza kumsema vibaya kwa majirani. Laiti ningempa shilingi 2,000 za kumpa pole mgonjwa, nikamwambia wazi kwamba hizo si za kabati, kisha nikamlipa nusu ya bei kama desturi na nusu nyingine siku ya kuchukua, angekuwa na msaada, angekuwa na mtaji, na tungebaki tunasalimiana. Kabati lilikuja mwishowe, na milango yake haifungi vizuri mpaka leo.

Watu huniuliza watapata wapi fedha za ziada za kununua vitu vya mafundi wadogo, ambavyo huwa ghali kuliko vya kiwandani. Jibu langu ni kwamba msitafute fedha za ziada. Atakayeongeza ununuzi mpya juu ya ule wa kawaida atachoka kabla ya miezi mitatu. Kinachodumu ni kubadilisha mahali unapopeleka shilingi ambayo ungeitumia hata hivyo. Mimi nilianza na jiko. La zamani lilipotoboka, sikwenda dukani, nilishuka Kamukunji, ambako mafundi wa jua kali hugonga mabati mchana kutwa mpaka mtu ashindwe kusikia simu yake. Nikanunua jiko lenye kiuno chembamba na udongo uliochomwa ndani, lile lililoanza kuenea Kenya katika miaka ya 1980 na ambalo hula makaa kidogo kuliko lile la bati tupu. Halikuwa ghali kuliko la dukani. Baada ya jiko vikafuata viatu vya ngozi kutoka soko la Kariokor, kisha sare za shule.

Hapo kwenye sare ningependa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza kwamba wakati wa kununua unaweza kumfaa fundi kuliko bei yenyewe. Fundi wetu wa nguo hapa mtaani Umoja hulemewa na kazi wiki mbili za kwanza za Januari, hukesha, hukosea vipimo, na hutukanwa na wazazi ambao wote wamekuja siku moja. Oktoba na Novemba hukaa tu, cherehani imefunikwa, naye analipa kodi ya kibanda ile ile. Siku hizi mimi humpelekea kazi Novemba na kumlipa nusu papo hapo. Huwaongezea watoto sentimita chache za pindo, kwa kuwa watarefuka likizoni, na hunipa bei nzuri bila kuombwa, maana nimemletea kazi wakati hana. Sijamfanyia hisani yoyote, nimepanga tu mambo yangu mapema, na sote wawili tumefaidika.

Kiondo nacho kimepata nafasi yake. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, kila mtu hapa Nairobi amekuwa na rundo la vile vifuko vya kitambaa chepesi vinavyochanika ukiweka viazi. Kiondo changu cha shilingi 900, ambacho bado nakionea haya, kimenitumikia miaka yote hiyo kwa mama mboga, na ukigawanya bei yake kwa idadi ya safari za sokoni utaona kwamba hata 1,800 zingekuwa kidogo.

Sisemi kwamba kuvutana bei ni dhambi. Ni lugha ya sokoni, na mnunuzi anayelipa chochote anachoambiwa huharibu hesabu ya wote, pamoja na muuzaji anayezoea kumngoja mteja wa namna hiyo mmoja kwa mwaka. Ila nimebadilisha ninachokivutania. Naomba punguzo ninaponunua vitano, si kimoja. Naomba nionyeshwe mshono wa ndani. Naomba mkanda mrefu zaidi kwa bei ile ile. Nisichofanya tena ni kuomba bei ya rafiki. Ukiwa na rafiki anayeoka keki au anayeshona mikoba, wewe ndiwe unayepaswa kumlipa bei kamili ili wageni wajifunze kutoka kwako, na ile ahadi ya kumtangaza kwa watu badala ya malipo haijawahi kumnunulia mtu unga. Kuhusu madalali wanaokupokea langoni katika masoko ya vinyago na shanga, wakijitolea kukuzungusha kibanda kwa kibanda wakiandika bei kwenye karatasi, mimi huwashukuru na kupita peke yangu, kwa sababu kazi yao ina malipo na malipo hayo huongezwa kwenye bei yangu au hukatwa kwa muuzaji. Kisha huuliza, kwa upole na bila kumhoji mtu kama askari, kitu kilitengenezwa wapi. Anayetengeneza mwenyewe huanza kueleza kabla hujamaliza swali.

Kuna mtego mwingine unaonasa watu wa nia njema, nao ni kibandiko. Wakati fulani nilinunua mishumaa katika duka moja lililoandika kwamba sehemu ya mapato huwasaidia watoto wanaoishi mitaani. Nikauliza sehemu hiyo ni kiasi gani, hupelekwa kwa nani na lini. Kijana wa kaunta hakujua, akamwita msimamizi, naye msimamizi akanipa kadi. Sikusudii kusema walidanganya. Nasema tu kwamba nililipa bei ya juu kwa sababu ya sentensi ambayo hakuna mtu dukani aliyeweza kuieleza. Linganisha na karakana ya Kazuri kule Karen, iliyoanza mwaka 1975 ikiwa na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao, na ambayo imekua hadi kuajiri mamia ya wanawake wanaofinyanga shanga za udongo na kuzipaka rangi kwa mkono. Pale wema umo ndani ya mshahara wenyewe. Ushanga unanunuliwa kwa kuwa ni mzuri, na mtu anapata kazi mwezi wa Machi sawasawa na mwezi wa Desemba.

Desemba ndiyo inayonileta kwenye kutoa. Kwa miaka mingi, ofisini kwetu tulikuwa na desturi ya kuchanga mwisho wa mwaka na kutembelea makao ya watoto tukiwa na unga, sukari, mafuta na nguo ambazo, tukisema ukweli, wengine walizitoa ili kusafisha makabati yao. Mara ya mwisho mama msimamizi alinipeleka kando na kunionyesha ghala. Lilikuwa limejaa. "Dada, mmekuja kundi la nne wiki hii, na Mungu awabariki," aliniambia, "lakini Februari hakuna anayekumbuka kwamba watoto hawa wanakwenda shule na stima inalipiwa." Hakuwa akilalamika. Alikuwa akinipa taarifa ambayo ningepaswa kuiomba kabla ya kununua magunia.

Tangu siku hiyo natuma shilingi 500 kila tarehe 5 ya mwezi, mwaka mzima, na hazina masharti. Ni kidogo, lakini msimamizi anaweza kuzihesabu kabla hazijafika. Nimeelewa pia kwamba hata mahali pa kutoa panabadilika: tangu 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mwelekeo wa sasa ni kuwarudisha watoto katika familia panapowezekana. Kwa hiyo sioni haya kuuliza kama sehemu ya fedha zangu inaweza kumsaidia bibi aliyekubali kumchukua mjukuu wake.

Dharura ni jambo tofauti. Mwaka 2011, njaa ilipokithiri kaskazini mwa nchi, Turkana ikiwemo, mchango wa Kenyans for Kenya ulilenga kupata shilingi milioni 500, na watu wa kawaida walituma kwa M-Pesa hata vijisenti walivyokuwa navyo, lengo likapitwa. Hilo lilikuwa jambo la fahari, na likitokea tena nitatoa tena. Lakini mbuzi na visima vya Turkana vinahitaji kutazamwa pia katika miaka ambayo hakuna kamera.

Kabla ya kutoa, mimi hufanya mambo machache yasiyochukua hata nusu saa. Huangalia jina linalojitokeza kwenye simu kabla malipo hayajakamilika: shirika linapoomba mchango kwa namba ya mtu binafsi, huuliza sababu na kusubiri jibu. Huuliza usajili. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013, ilianza kutumika Mei 2024, na shirika halali halikasiriki likiombwa cheti. Vikundi vidogo vya mtaani navyo husajiliwa na ofisi za maendeleo ya jamii, na mwekahazina mwema hukuonyesha karatasi hiyo kwa majivuno. Michango ya matibabu, mazishi na harusi sikuiweka katika hesabu hii hata kidogo. Hiyo ni ada ya kuwa na watu, ina bahasha yake, na bahasha ikiisha mwezi umeisha.

Limebaki moja ambalo wanunuzi wenye huruma hulikwepa, nalo ni kulalamika. Mwaka jana nilinunua kiondo kingine, safari hii kwa bei kamili, kutoka kwa mama mmoja anayeuza Kariokor. Mwezi wa pili mkanda ukang'oka. Jirani alinishauri niache, maskini mama wa watu anajitafutia. Nikakirudisha. Mama alikigeuza, akavuta misumari midogo ya mkanda kwa ukucha, akatikisa kichwa na kumwita kijana wa ngozi aliyekuwa vibanda viwili kutoka pale. Walibishana kwa Kikamba nusu ya muda nikiwa nimesimama. Kisha akanishonea mkanda mwingine kwa uzi mnene, hakunidai chochote, akaning'iniza kiondo mkononi mwangu na kutia ndani kilo mbili za viazi vya jirani yake ili tuone kama kitashika. Kilishika. Akaniuliza kama wenzangu wa ofisini nao wamewahi kung'okewa na mikanda, kwa sababu wawili wao hawajarudi tangu Juni.