Mchicha au matembele kwa uwanja mdogo?

Dada, nimekuelewa: kiwanja kidogo hapo Mbagala, maji ya bomba ni ya mgao, na hujui uanze na mchicha au matembele. Mimi ningeanza na matembele, yaani majani ya viazi vitamu. Huhitaji mbegu. Omba marando, yale mashina yanayotambaa, kwa jirani, kata vipande vya sentimita 30 hivi, fukia nusu yake kwenye tuta lenye samadi iliyooza. Wiki mbili za kwanza usiache udongo ukauke. Yakishashika yanavumilia kiu, nawe unachuma ncha tu, miezi na miezi. Viazi usivitegemee ukichuma kila mara.

Mchicha unawahi, wiki tatu au nne unakula, lakini unataka maji karibu kila siku, na ukichelewa unatoa maua. Kwa nazi lakini hauna mpinzani, hapo sibishani! Utengee kajaruba kamoja, umwagilie maji ya kuoshea mboga.

Wadudu wakizidi, muone afisa ugani wa kata kabla ya kupuliza dawa. Na kama nyumbani kuna mwenye mawe kwenye figo, aulize daktari kwanza, maana mboga zote mbili zina oksaleti, kemikali inayoweza kuchangia mawe hayo.