Kilwa hadi Msimbati na watoto: angalia mwezi kwanza, chumba baadaye

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama Kilwa inafaa kwa familia yenye watoto wadogo badala ya kurudi tena Zanzibar, kama Desemba ni wakati mzuri, na kama kwa wiki moja mnaweza kusogea hadi Mtwara na hiyo Toyota IST yenu ndogo. Mke wangu ni mtu wa Lindi, kwa hiyo barabara ya kusini niliizoea kwa safari za ukweni kabla sijaanza kuitembea kama mtalii. Nitakujibu kwa urefu, nivumilie.

Inafaa. Ila usiende ukitegemea kukuta Nungwi nyingine, kama ile ya Zanzibar. Kusini hakuna mstari wa hoteli wala muziki ufukweni, na hakuna kijana anayekufuata na miwani ya jua na bangili. Utakuta miji midogo ya watu wanaoishi maisha yao, nyumba za kulala wageni za kawaida, hoteli chache za ufukweni, na ufuo ambao asubuhi mnaweza kuwa peke yenu na wavuvi wanaokokota nyavu. Kama mama watoto anataka bwawa la kuogelea na vinywaji vyenye miavuli, mwambie ukweli mapema, maana ugomvi wa likizo huanzia hapo.

Sasa kitu ambacho wageni wengi wa kutoka bara hawakipangi kabisa: maji. Mtu anatafuta chumba cha bei nzuri, anaweka tarehe zake, anafika. Asubuhi watoto wameshavaa nguo za kuogelea tangu saa moja, wanatoka nje, bahari haipo. Mbele ni mchanga, majani ya baharini na mawe, maji yanang'aa kule mbali. Wanakaa wakisubiri, jua linawachoma, mchana wanalala, na maji yanarudi wakati wameshakata tamaa. Wakifika nyumbani wanasema Kilwa hakuna kitu.

Baba mkwe wangu alivua samaki ujana wake wote na hajawahi kuangalia ratiba ya maji kwenye simu. Anauliza tu mwezi ni tarehe ngapi, yaani mwezi wa Kiislamu, kisha anakutajia saa. Hesabu yake hata wewe uliye Morogoro unaweza kuitumia. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Siku hizo yanajaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na asubuhi ya saa nne yamepwa kabisa. Baada ya hapo kila siku saa inasogea mbele kama dakika hamsini. Ikipita wiki moja unafika kwenye maji mafu, ambapo hali imegeuka: yanajaa mnamo saa nne asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita tatu, na kwenye ufuo wenye mteremko mdogo mita tatu hizo ni mwendo mrefu wa miguu.

Kwa familia yako basi, tafuta siku ambazo mwezi wa Kiislamu uko kati ya tarehe 8 na 12, au 22 na 26. Maji yatajaa kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, watoto wataogelea kwa saa za kibinadamu, na boti zitaingia visiwani bila taabu. Nikilazimishwa kuchagua kati ya chumba kizuri wiki ya bamvua na chumba cha kawaida wiki ya maji mafu, nachukua cha kawaida.

Bamvua nayo ina raha zake, usiidharau. Asubuhi miamba inapobaki wazi ndipo kina mama na vijana wanapotoka na vyuma vyao kutafuta pweza, na watoto wakubwa kidogo hufurahi sana kutembea kule nje na kuona vidimbwi vyenye samaki wadogo na viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota. Wavishe yeboyebo au raba, kuna viumbe vya miiba mieusi ambavyo mwiba wake unakatikia mguuni. Uliza kwanza, kwani baadhi ya vijiji vya Kilwa hufunga miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na mgeni akikanyaga huko ataitwa kujieleza.

Kilwa yenyewe ni tatu, na watu huzichanganya. Kilwa Masoko ndio mji wa leo, wenye bandari, benki na malazi. Ufuo wa Jimbiza uko humohumo mjini. Kilwa Kivinje ni mji wa zamani kaskazini yake. Kilwa Kisiwani ni kisiwa cha magofu mkabala na Masoko, umbali wa kilomita mbili hivi kwa maji. Kibali na malipo ya Kisiwani unavimaliza Masoko kabla ya kuvuka, sasa hivi magofu yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Usikubali mtu wa bandarini akuambie atakutengenezea huko huko kisiwani.

Vuka mapema, saa moja asubuhi mkiweza, kwa sababu joto la Kisiwani halina huruma na kutoka Msikiti Mkuu hadi kasri la Husuni Kubwa ni mwendo. Chukua mwongoza wageni wa kisiwani. Kwa mtu asiyeelezwa, magofu ni kuta za mawe tu, na watoto watachoka ndani ya nusu saa. Akieleza vizuri wataelewa kwamba hapa alipita Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga Husuni Kubwa yenye birika la pembe nane juu ya mwamba unaotazama bahari. Wangu walinogewa zaidi na habari ya sarafu. Kilwa ilikuwa ikitengeneza sarafu zake za shaba, na mwaka 1944 chache ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko? Waache wabishane ndani ya boti, mtapata amani ya kurudi. Lile Gereza unaloliona kwanza ukikaribia kisiwa, Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505, lakini kinachoonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani.

Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, ni safari nyingine. Iko kusini zaidi, na sehemu ya mwisho inapita kwenye mikoko. Maji yakijaa mnasogea karibu, yakipwa mnashuka na kutembea kwenye tope, na kwa watoto wadogo hilo tope linafika magotini. Niliwahi kuwakuta wageni walioondoka Masoko saa tatu asubuhi siku ya bamvua; waliingia wakiwa wamelowa hadi kiunoni, kisha boti yao ikakaa chini, wakasubiri maji yarudi huku maji ya kunywa yamekwisha. Nahodha hakuwa mbaya, alipewa saa na wateja akaitikia. Kwa hiyo usimpe nahodha saa, muulize yeye saa. Na kabla hamjapanda, hesabu majaketi ya kujiokolea na umvalishe kila mtoto lake likiwa limefungwa. Asiye nayo, tafuta mwingine, hata kama bei yake ni ya chini.

Kivinje mpeni nusu siku. Ulikuwa mji mkubwa wa misafara na biashara ya watumwa karne ya 19, na Wajerumani waliwanyonga humo watu wa Majimaji. Mnara wa kumbukumbu upo. Nyumba nyingi za zamani zinaanguka, milango ya nakshi imebaki michache. Mimi napapenda kuliko Masoko, mke wangu anasema panamtia huzuni. Mtapima wenyewe.

Desemba sasa. Kusini mvua ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, si kama kwenu mlikozoea vuli na masika. Mwanzoni mwa Desemba mara nyingi bado ni salama, lakini ni joto kali. Karibu na Krismasi unabahatisha. Aprili na Mei usiguse: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara maeneo ya Somanga na watu wakakwama pande zote mbili. Likizo ya Juni na Julai hewa ni ya ubaridi na hakuna mvua, ila kusi inavuma, bahari ina mawimbi na safari za visiwani zinaahirishwa mara kwa mara. Ukiweza kuwatoa watoto ile likizo fupi ya Septemba, toka. Kuanzia Septemba hadi mapema Novemba upepo unalegea, maji ni mazuri, na Oktoba mabibo yameanza kuiva. Tatizo la Oktoba na kuendelea ni korosho. Minada ikianza, madereva na wanunuzi wanajaza vyumba vya Lindi na Mtwara, kwa hiyo piga simu mapema.

Chakula msihangaike nacho. Nunua changu au ngisi kwa mvuvi boti inapofika, mpelekee mama lishe umlipe kupika na wali wa nazi. Itakuwa nafuu na tamu kuliko hotelini. Ukikuta ming'oko inauzwa barabarani, nunua wajaribu, ni mizizi ya porini ambayo watu wa kusini huila kama nyie mnavyokula viazi. Wakati wa Ramadhani vibanda vingi hufungwa mchana, kwa hiyo kama tarehe zitaangukia humo jipangeni kujipikia. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Mkiingia mtaani funga kanga, vaa fulana, hakuna atakayewasumbua. Chandarua chenu wenyewe kinafaa, vya kwenye vyumba mara nyingi vina matundu.

Wiki moja inatosha Kilwa na Mtwara mkiacha kulala Lindi, ingawa ukweni wakisikia nimeandika hivi nitaulizwa. Lindi simameni mle chakula cha mchana mkiangalia ghuba, na mwambie mtoto mkubwa kwamba yule dinosaria mrefu wa makumbusho ya Berlin alichimbwa Tendaguru, mkoani humo, kati ya 1909 na 1913. Laleni Mikindani badala ya Mtwara mjini, ni kilomita kumi tu kabla yake. Mji ni mdogo, wa mawe, umezunguka ghuba iliyotulia, boma la Wajerumani la 1895 liko mlimani, na Livingstone aliondokea hapo mwaka 1866 kwenye safari ambayo hakurudi. Ghuba ni nzuri kwa macho kuliko kwa kuogelea.

Kuogelea nendeni Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Kuna kiingilio, na ufuo wake ndio mzuri kuliko yote niliyotaja hapa. Maji yana kina kirefu karibu na nchi kavu, kwa hiyo hata yakipwa mnaogelea, ila mtoto asiachwe hata dakika moja. Miezi ya kusi, hasa Agosti na Septemba, nyangumi hupita huko nje na ukiwa na bahati unawaona. Mko karibu na mpaka wa Msumbiji, bebeni vitambulisho vya watu wazima na msishangae mkisimamishwa na kuulizwa mnakokwenda.

Kuhusu IST: kutoka Dar kupitia Kibiti, daraja la Mkapa, Nangurukuru, Lindi hadi Mtwara ni lami, itafika, ila muulizie hali ya Somanga wiki ya safari. Nangurukuru ndipo mnapokata kwenda Masoko, kama kilomita thelathini. Jazeni mafuta Dar au Mbagala na muongeze Kibiti, msisubiri taa iwake. Siku ya kwenda Msimbati, IST iacheni Mikindani. Kipande cha mwisho ni mchanga mlaini, na vijana wa pale wanajua bei ya kumsukuma mtu aliyekwama. Kodini gari la juu lenye dereva kwa siku moja. Nipe tarehe zako nikuangalizie maji.