Uliza Mwalimu: Gazeti la Darasa

SWALI: Ninafundisha Kiswahili Gredi ya 8 katika Kaunti ya Kilifi. Ningependa wanafunzi wangu, ambao ni 54, watoe gazeti la darasa muhula huu. Shule haina kompyuta za wanafunzi, na kazi chache walizoniletea kwa jina la habari zinasomeka kama insha. Nianzie wapi?

JIBU: Kompyuta isikusumbue, Mwalimu, kwa kuwa ugumu wenyewe umeutaja mwishoni mwa swali lako. Mtoto aliyezoea kupata alama kwa kuanza insha na jua kuchomoza, jogoo kuwika na methali mbili za kusindikiza hawezi kulaumiwa anapoanza habari ya mechi kwa maneno haya: "Ilikuwa Ijumaa, siku tuliyoisubiri kwa hamu na ghamu." Anamwandikia msahihishaji, mtu ambaye analazimika kusoma hadi mwisho. Msomaji wa gazeti halazimiki, naye akifika mstari wa tatu bila kujua nani alimshinda nani, atageukia ukurasa mwingine.

Kwa hiyo, kabla hawajaandika lolote, tafuta nakala za zamani za Taifa Leo, hata zile zinazosubiri kufungiwa bidhaa dukani, na uwape wanafunzi wakate habari fupi fupi. Wapigie mstari majibu ya nani, nini, wapi na lini katika aya ya kwanza, kisha waifunike habari aya moja moja kuanzia chini, huku wakijiuliza kila mara kama kilichobaki bado kinaeleweka. Watagundua wenyewe kwamba habari iliyoandikwa vizuri hustahimili kukatwa mkia, kwa sababu jambo kubwa limetangulia na maelezo madogo yamefuata. Hapo ndipo uwarudishie ile mechi. Wengi wataandika kitu kama hiki: "Timu ya voliboli ya wasichana wa Gredi ya 8 iliishinda Gredi ya 9 kwa seti tatu kwa moja Ijumaa iliyopita katika uwanja wa shule." Methali wazihifadhi kwa ajili ya tahariri, ambako zina kazi.

Hatua inayofuata ndiyo ningeipa muda mrefu kuliko zote, ingawa walimu wengi huipita haraka ili wafike kwenye michoro na vichwa vya rangi. Kila mwandishi awe na daftari, na kila habari iwe na watu wasiopungua wawili walioulizwa ana kwa ana, majina yao yakiwa yameandikwa pamoja na walichosema. Anayeandika kuhusu chakula cha mchana azungumze na mpishi na pia na wanaokula. Aulize kilo ngapi za maharagwe hupikwa kwa siku, badala ya kuandika kwamba chakula ni kingi au ni kidogo. Mhariri ambaye ni mwanafunzi mwenzake akimuuliza, "Umejuaje?" naye akakosa la kuonyesha daftarini, habari hiyo isubiri toleo lijalo.

Kuhusu umbo, karatasi moja ya A3 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne za A4: upande wa nje hubeba ukurasa wa 4 kushoto na wa 1 kulia, na wa ndani hubeba wa 2 na wa 3. Nakala moja ya mkono, iliyoandikwa kwa kalamu nyeusi, itatosha kutolewa fotokopi. Fedha zikikosekana, karatasi ya manila ubaoni inafaa vilevile. Wanafunzi 54 ni wengi mno kwa toleo moja. Wagawe katika vikundi vitano au sita, kila kikundi kishughulikie toleo lake, na nafasi ya mhariri izunguke.

Wasomaji nao wasiwe wewe peke yako. Célestin Freinet, mwalimu wa kijiji cha Bar-sur-Loup kusini mwa Ufaransa, aliingiza mashine ndogo ya kuchapa darasani mwaka 1924, na baadaye wanafunzi wake wakawa wanabadilishana maandishi waliyoyachapa wenyewe na watoto wa Trégunc, pwani ya Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Watoto wa mbali huuliza maswali ambayo jirani haulizi. Tafuta shule ya bara, labda Kitui au Nandi, mbadilishane nakala. Wanafunzi wako watalazimika kueleza hata mnazi unavyogemwa.

SWALI: Wanafunzi wangu waliandika kuhusu uchafu wa vyoo vya shule, na mkuu wa shule akakataa habari hiyo isibandikwe. Nifanyeje?

JIBU: Usiibandike kwa siri, wala usiitupe. Mwombe mkuu akubali kuhojiwa na waandishi hao, na majibu yake yachapwe ndani ya habari ileile: maji hukatika mara ngapi, nani hufanya usafi, ni hatua gani imepangwa. Mara nyingi kinachomwudhi mkuu ni kusemwa bila kuulizwa. Nakiri kwamba upande wangu ni wa wanafunzi, maana gazeti la sifa tupu ni tangazo la shule. Hata hivyo, wanapaswa kueleza hali ya vyoo bila kumtuhumu mfanyakazi yeyote kwa jina. Kabla ya toleo lijalo, andikeni pamoja na mkuu kanuni chache, mojawapo ikiwa kwamba mwanafunzi aliyeadhibiwa hatajwi gazetini.

SWALI: Je, ninaweza kutuma kurasa zenye picha za wanafunzi katika kundi la WhatsApp la wazazi?

JIBU: Pata kwanza idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi wa kila mtoto anayeonekana, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inadai ridhaa hiyo kwa taarifa binafsi za watoto. Kwa asiye na idhini, mpe mchoraji wa darasa kazi ya kuchora tukio badala ya sura.