Propilini glaikoli ya losheni na ile ya kwenye rejeta

SWALI: Shikamoo mama. Natengeneza losheni nyumbani, nauza kwa majirani na saluni mbili za huku kwetu. Kariakoo nimeonyeshwa dumu la propilini glaikoli lisilo na lebo, bei nusu ya ile ninayonunua siku zote. Fundi magari wa mtaani anasema ndiyo hiyohiyo ya kwenye rejeta. Ninunue?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo dumu liache hukohuko.

Fundi hajakosea sana. Propilini glaikoli hutengenezwa kiwandani kwa propilini oksidi na maji. Haina rangi, haina harufu, ni nzito kidogo, ina utamu kwa mbali. Huyeyusha manukato yanayokataa maji, na huvuta unyevu, ndiyo maana ngozi iliyopakwa haikauki upesi. Viwandani huingia kwenye resini za maboti ya faiba, na ipo kulenti, yaani kimiminika cha kupoza injini kinachojazwa kwenye rejeta, inayotengenezwa kwayo.

Lakini kulenti nyingi za magari ni ethilini glaikoli, na hiyo ni sumu. Nimefanya kazi maabara ya kiwanda cha vipodozi miaka mingi. Niwekee bilauri mbili mezani, hii na ile, kwa macho na pua sitakwambia ipi ni ipi. Zote angavu, zote zinateleza vidoleni. Kuonja usithubutu. Yupo na ndugu yao wa tatu, daiethilini glaikoli. Mwaka 1937 huko Marekani dawa iliyoyeyushwa ndani yake iliua watu zaidi ya 100. Mwaka 2022 Gambia ilizika watoto wapatao 70, figo zimekufa, na dawa za kikohozi zilizopimwa zilikutwa na ethilini na daiethilini glaikoli. Hilo bado linaniuma.

Utasema losheni hainywewi. Mtoto hupakwa mwili mzima, ana vidonda vya joto, na vidole vinaishia mdomoni.

Nunua dumu lenye lakiri, lebo yenye herufi USP (kiwango cha ubora wa dawa cha Marekani) na namba ya toleo, na udai cheti cha uchambuzi: ethilini na daiethilini glaikoli, kila moja isizidi asilimia 0.10. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, ondoka. Kwenye losheni asilimia 2 hadi 5 yatosha. Ukizidisha, ngozi nyepesi huwashwa. Ya watoto weka gliserini, nayo idai cheti kilekile, maana huchakachuliwa vilevile.

Na kwa kuwa unauza, nenda TBS, Shirika la Viwango Tanzania, pale Ubungo ukaulize usajili wa vipodozi.