Ukuta wa matumbawe unanichafua tumbo, mama mkwe anasema naringa

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Bagamoyo, tunaishi nyumba ya zamani ya ukoo wa mume wangu. Ukuta wa uani plasta imebanduka, mawe ya matumbawe yako wazi. Yale matundu yake nikiyatazama mwili unasisimka, tumbo linachafuka, najikuna mpaka ngozi inachubuka. Ni hivyo hivyo kwa sega la nyuki, minyiri ya pweza, hata mkate wa kumimina ukishakatwa. Mama mkwe anaona naukataa mkate wake kwa maringo. Wifi anasema nina jini. Mume wangu amenunua saruji auzibe ukuta. Je, nina wazimu?*
*Mwenye Kero, Dunda*

Marahaba, mwanangu. Wazimu huna, na maringo sijayaona popote kwenye barua yako. Mwenye kuringa hajikuni mpaka akachubuka.

Hali yako ina jina, tripofobia: kukerwa na vitundu vilivyosongamana. Mwaka 2013 Geoff Cole na Arnold Wilkins wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walieleza jinsi walivyowaonyesha watu 286 picha ya kichwa cha mbegu za yungiyungi, kile chenye vitundu vitundu. Asilimia 16 picha iliwakera. Na hao hawajauona ukuta wako.

Cole na mwenzake walidhani macho yetu yanaona pale mpangilio unaofanana na ngozi za wanyama wenye sumu, akiwemo pweza mdogo mwenye pete za buluu, ambaye sumu yake huua mtu. (Wa supu pale sokoni si huyo, usije ukamkatisha mumeo hamu.) Wengine wakasema la, vitundu vinaukumbusha mwili ndui, upele na wadudu wanaojichimbia ngozini. Mimi naegemea hawa wa pili, kwa sababu hukuniandikia habari za moyo kwenda mbio. Anayeogopa nyoka, tezi zilizo juu ya figo zake humwaga adrenalini, moyo ukadunda, damu ikakimbilia miguuni tayari kwa mbio. Wewe kilichokushika zaidi ni kinyaa: mwili unataka kutapika na kujipangusa. Vyote viwili ni ulinzi, ila wako umeweka zamu pasipo na mwizi.

Sasa hiyo saruji. Mumeo ana huruma, lakini ningemzuia. Kuta zile zilijengwa kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani, ukuta ukaharibika taratibu bila mtu kujua. Ukihitaji plasta, iwe ya chokaa, na iwe kwa ajili ya ukuta wenyewe. Halafu, kila unapokimbia unapata nafuu, na ubongo unaandika kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Leo uzibiwe ukuta wa uani, kesho tukuzibie na magofu ya Kaole?

Kinachosaidia ni kusogea kidogo kidogo. Mwaka 1924 Mary Cover Jones wa Marekani aliandika habari za mtoto Peter, aliyeogopa sungura. Alimpa chakula anachokipenda huku sungura akiwa mbali ndani ya kizimba, kizimba kikawa kinasogezwa, mpaka mtoto akamshika mwenyewe. Nawe anza na karatasi: chora tundu moja, mawili, ongeza. Ukizoea, tazama picha ya ukuta kwenye simu. Kisha chukua kahawa na kashata, kaa mwisho wa ua, mumeo pembeni. Usiinuke karaha ikiwa imepamba moto. Ngoja ipungue, maana hupungua. Ikikuzidi, rudi hatua moja tu. Kinyaa hufifia polepole kuliko woga, kwa hiyo usikate tamaa mapema, na asitokee mtu akakurushia mnyiri wa pweza kwa mzaha.

Mama mkwe ni kazi kubwa kuliko ukuta. Wewe unanyamaza, naye anajaza mwenyewe palipobaki wazi. Mtu ameroweka mchele, amekamua tui, amengoja uumuke, halafu mkwe anageuza uso mbele ya wageni! Hata mimi ningenuna. Usimtume mumeo. Mfuate mwenyewe jioni, mwamkie, umwambie: "Mama, mkate wako sina neno nao, ni vile vitundu vyake vinavyonichafua tumbo. Nikatie kipande kidogo, uniwekee upande wa juu uliobabuka." Huenda akacheka. Acheke tu, bora hivyo kuliko kununa.

Wifi na jini lake, usigombane naye. Kisomo hakikuzuii kufanya haya niliyokueleza. Ila ukiletewa cha kunywa usichokijua, kikatae.

Na ukiona unaruka milo, hulali, au vidonda vya kujikuna havikauki, usisubiri barua yangu nyingine. Nenda hospitali ya wilaya, uulizie mhudumu wa afya ya akili, umweleze kama ulivyonieleza mimi, na ule mkate usiusahau.